Historia ya Ardis Tollefsrud, Aliyejaza Risasi za Bwana Vernon

Mchungaji, ndugu, majirani wa bondeni na wa juu mlimani, na ninyi wanachama wa klabu ya shabaha mliojaza safu tatu za nyuma kwa makoti yenu ya kijani, familia ya Tollefsrud inawashukuru kwa kupita kwenye barabara yenye barafu mpaka hapa, nasi tunaomba mtusikilize kidogo tuwaeleze alikuwa nani mama huyu tunayemzika leo.

Marehemu Ardis alizaliwa tarehe 9 Februari 1944, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya Spring Grove, Minnesota, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Gunder Kvamme na Mama Borghild, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alibatizwa katika kanisa hili na kupata kipaimara katika kanisa hili, na waliosoma naye wanasema alikuwa msichana wa maneno machache, ambaye akisema jambo mara moja harudii.

Alimaliza shule ya sekondari mwaka 1962, na mwaka huohuo akaajiriwa katika gereji ya matairi ya baba yake mdogo, akipokea wateja na kupika kahawa, kazi aliyoifanya hadi 1971, kisha akawa mpishi wa shule yetu mpaka alipostaafu mwaka 2006, na wengi mlioketi hapa mmekula viazi vyake na mipira yake ya nyama, mkataka kuongezwa.

Ilikuwa pale gereji ndipo alipomfahamu Vernon Tollefsrud, kijana wa kampuni ya simu, ambaye alikuja kuomba vile vipande vya madini ya risasi vinavyobandikwa kwenye magurudumu ili yasiyumbe, vikiwa vimeshatupwa. Alipomuuliza anavitaka vya nini, Vernon alijibu kwamba anaviyeyusha na kujitengenezea risasi za bastola za kupigia shabaha, na Ardis akamwambia, "Basi wewe unakuja kuchukua takataka, umevaa tai?" Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1965, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Maren, aliyezaliwa mwaka 1968.

Vernon hakuficha kamwe kwamba mke wake alimpita katika kazi hiyo ya kutengeneza risasi baada ya majira mawili tu ya baridi. Yeye alikuwa na haraka, Ardis hakuwa nayo. Alikuwa akisimama katika gereji ya nyumbani kwao mlango ukiwa wazi hata Januari, ili moshi wa risasi utoke, akimimina ile risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, akifungua, akidondosha vichwa vya risasi juu ya taulo kuukuu, na vile vya kwanza vikitoka na mikunjo huvirudisha chunguni akisema, "Kalibu baridi huzaa wazee." Vikishapoa alivipaka nta, akachukua maganda yaliyokwisha kupigwa, akayapa fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti na kubana kichwa juu yake kwa mashine ya mkono, moja baada ya moja, na kule uwanjani watu wakawa na msemo wao, kwamba Vernon anafyatua lakini anayelenga ni Ardis.

Sasa tunafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliagiza pasirukwe.

Mwezi Desemba 1983, akiwa gerejini na maganda yamesimama kwenye ubao mbele yake, nusu yana baruti na nusu bado, simu ililia jikoni, akaambiwa mama yake ameteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga. Alikimbilia hospitali, na aliporudi siku ya pili, akiwa hajalala, mkono wake ulianzia pale ulipodhani uliachia. Kipimo cha baruti ya shabaha ni kidogo, ganda linaweza kumeza viwili bila kufurika, na ganda moja lilimeza viwili. Risasi ile ilikaa sandukuni na wenzake hadi Jumapili tarehe 15 Aprili 1984, ilipopasua bastola mkononi mwa Vernon, mbele ya wanachama wote, ikamwondolea kidole cha shahada cha mkono wa kulia na kukikakamaza kidole gumba.

Vernon, akiwa bado amefungwa bandeji, aliwaambia watu kwamba mtutu uliziba. Katika mkutano wa klabu mwezi uliofuata mwenyekiti, marehemu Milo Prosek, alitaka kufunga mjadala kwa neno hilohilo, lakini Ardis alisimama na kusema, "Milo, mtutu haukuwa na kitu. Nimeweka baruti mara mbili. Ni mimi." Vernon akamvuta sketi akimwambia, "Kaa chini, mke wangu, yameisha," naye akamjibu, "Kwako yameisha."

Akaenda nyumbani, akafunika meza ya gerejini kwa shuka, akafunga. Kwa karibu miaka minne hakuingia humo, hata kuchukua koleo la theluji alimtuma Maren. Vernon alijifunza kushika bastola kwa mkono wa kushoto, akinunua risasi dukani, akikosa vibaya, akirudi nyumbani anapiga mluzi ili Ardis asijue, na Ardis akijua, na nyumba ile, anasema Maren, ilikuwa na adabu nyingi kama nyumba ya wageni.

Jumamosi moja ya Januari 1988, Ardis akiosha vyombo, aliona kupitia dirishani mlango wa gereji uko wazi, chungu kinafuka, na mumewe anashika kwa mkono mbovu pande la risasi lililotoka nje, limegandwa na theluji. Ninyi wa klabu mnajua tone la maji likiingia kwenye risasi iliyoyeyuka linafanya nini. Alitoka mbio bila koti.

"Vernon! Weka chini! Lina theluji hilo, unataka chungu kikulipukie usoni?"

"Basi njoo unionyeshe."

"Mimi sishiki tena vitu hivi."

"Umeshika," alisema Vernon, maana upawa wa kuchotea risasi ulikuwa tayari mkononi mwa Ardis, alikuwa amemnyang'anya.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia mpaka chungu kikapoa, naye Vernon akamfunika koti lake na kusimama pale. Miaka mingi baadaye watu walimuuliza Vernon kama kweli alitaka kulitumbukiza pande lile, naye akajibu, "Nimezaliwa Minnesota, nisijue theluji?"

Tangu siku hiyo alijaza tena, lakini simu ilichomolewa kwanza, na hakuna ganda lililofungwa kabla hajalimulika ndani kwa tochi, kisha Vernon naye akatazama. Mwaka 1991, katika mashindano ya jimbo, Vernon alishika nafasi ya nne kwa mkono wa kushoto, na Ardis alimkumbatia mwamuzi asiyemjua. Kila mwanachama mpya alifundishwa naye, na somo la kwanza lilikuwa ile bastola iliyopasuka, akieleza mwenyewe nani aliyeipasua.

Mwaka 2012 marehemu alianza kutetemeka mikono, na madaktari wa mjini La Crosse wakathibitisha kuwa ni ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2015 aliona baruti inamwagika mezani, akaweka kipimo chini bila kuambiwa na mtu, akamwambia mumewe, "Sasa wewe unamimina, mimi natazama." Vernon akawa mikono yake. Sauti ilipokwisha, majira ya baridi yaliyopita, aliletewa ubao kwenye meza ya jikoni, mwanga wa tochi ukichezacheza juu ya maganda, na siku moja alifunika ganda kwa kidole na kukataa kukiondoa, mpaka Vernon alipoinama akaona halina baruti hata punje. Alicheka kwa macho siku nzima.

Jumatatu tarehe 4 Machi 2019, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani, mumewe amemshika mkono wa kulia na Maren wa kushoto, mikono ile ilitulia. Ameacha mume, binti, na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi Bi. Corliss aliyekuja hata wakati wa dhoruba, majirani waliofagia njia yetu bila kuombwa, wapishi wenzake wa shule, na klabu kwa kulibeba jeneza. Kahawa, nyama na chapati za viazi zipo ukumbini chini, na Vernon anawaomba msiharakishe kuondoka, kaeni naye, zungumzeni, hata yale mliyokwisha kumsimulia, kwa sababu nyumbani hataki kufika mapema.

Ardis, mama yetu, pumziko lako na liwe la amani.