Chumvi ya Mwalimu Clotilda Kokubanza, 1941–1977

Baba Paroko, ndugu wa Izigo na wa Ijuganyondo, walimu, wanakijiji na waombolezaji wote, mimi ni Ildefons Rweyemamu, shemeji yake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mwalimu wetu, na kabla sijaanza niseme kwamba sehemu moja ya historia hii si kawaida kusomwa msibani, lakini mama yetu Ma Klaudia, aliyeketi hapa mbele, ameamuru isomwe, na wanaomfahamu wanajua kwamba akishaamuru hakuna rufaa.

Marehemu Clotilda Kokubanza alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 huko Izigo, Muleba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto saba wa Ta Kashaija, mkulima wa migomba na kahawa, ambaye majirani walimcheka kwa kumpeleka binti shule wakati mibuni inahitaji mikono, naye akawajibu kwamba mibuni itamngoja. Alianza shule ya msingi mwaka 1949, akaendelea na shule ya kati ya masista, kisha akasomea ualimu na kuhitimu Novemba 1960, wa pili katika darasa lake, jambo ambalo hakulisahau, kwa sababu alitaka kuwa wa kwanza.

Alianza kufundisha Januari 1961 katika shule moja ya Muleba, na tarehe 9 Desemba mwaka huo ndiye aliyewapanga watoto mistari minne kuimba bendera ya Uhuru ilipopandishwa, wimbo ulipokwisha akalazimika kuketi chini kwa kizunguzungu, watu wakasema ni furaha, na furaha ilikuwepo kweli, lakini tayari mwili wake ulikuwa umeanza kumwomba kitu, maana tangu mwanzo wa mwaka ule alikuwa akitembea na chumvi mfukoni, akiilamba kati ya kipindi na kipindi, hata wanafunzi wakampa jina la Mwalimu Chumvi, wakidhani hajui.

Tarehe 21 Julai 1962 alifunga ndoa na kaka yangu Datius, karani wa chama cha ushirika, akaletwa hapa Ijuganyondo, na kama ilivyo desturi yetu bibi harusi alikaa ndani, hashiki jembe wala hasogelei jiko, analishwa na mama mkwe, ili siku ya kutoka watu waone amenenepa na kung'aa, na sifa hiyo ni ya mama mkwe kabla haijawa ya bibi harusi. Ma Klaudia alimlisha ndizi, maharage, samaki na maziwa bila kuchoka, lakini mkono wake, naomba anisamehe, haujawahi kuwa mzito kwenye chumvi, na ni bibi harusi gani Mhaya atakayemwambia mama mkwe kwamba chakula hakijakolea? Clotilda alinyamaza, akawa analamba chumvi yake aliyokuja nayo, aliyoifunga katika jani kavu la mgomba na kuificha chini ya godoro.

Wiki ya tano badala ya kunenepa alikuwa amekonda, na badala ya kung'aa alikuwa amekuwa mweusi, hadi ufizi, hadi mistari ya viganja, minong'ono ikaanza kijijini kwamba mkwe analishwa matope, na Ma Klaudia, ambaye alikuwa hali vizuri wala halali kwa aibu, akaingia kutandika kitanda na kukikuta kile kifurushi, akaamini kwamba ni uchawi wa mtu mwenye wivu, akakitupa chooni na hakumwambia mtu. Alhamisi tarehe 30 Agosti Clotilda hakuweza kuinuka, alipoinuliwa alizimia, tukambeba kwa machela mpaka barabarani, na lori la kahawa likatupeleka hospitali ya misheni.

Wakwe zetu wa Izigo walitukuta hapo hospitali, wakiongozwa na shangazi yake, Ma Kokuhirwa, aliyetamka mbele ya watu wote kwamba walitoa msichana wakaonyeshwa mifupa, na kwamba akipona anarudi kwao, asipopona tutajua sisi na Mungu wetu. Daktari Mutembei, kijana wakati ule, aliuliza mgonjwa amekula nini na ametumia dawa gani, na hapo ndipo Ma Klaudia aliposimama, mbele ya wakwe waliokuwa wakimngoja ateleze, akasema kwamba alikuta kifurushi cha unga mweupe akakitupa, ikiwa ni uchawi basi ameutupa, na ikiwa ni chakula basi amemuua mke wa mwanawe. Daktari akainama akamuuliza mgonjwa ule unga ni nini, naye akanong'ona kwamba ni chumvi, daktari akarudi kutazama ule ufizi na vile viganja, akaujua ugonjwa, na tangu dakika ile hakutafuta tena, akaagiza dripu ya maji ya chumvi na sindano, na siku ya tatu Clotilda aliketi akaomba chakula, nacho Ma Klaudia alikipika kwa chumvi ambayo mtu mwingine asingeimeza.

Marehemu hakukubali kuugua kitu asichokielewa, alimsumbua daktari kwa maswali mpaka akaelewa, na alichoelewa akakifundisha kwa miaka kumi na mitano, na mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya kundi lake hapa Ijuganyondo lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Alieleza kwamba mafigo ni kama wanaochuja omubisi, ile juisi ya ndizi mbivu, kila kitu kinapita mikononi mwao, lakini lazima mwenye nyumba awaambie kipi kirudi chomboni, na mwenye nyumba huyo ni homoni, ambayo hutoka katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo kama kofia, husafiri kwa damu na kuamuru chumvi irudishwe, na chumvi ikirudi maji huifuata, ila tezi zake yeye zilikuwa zimekufa, kwa hiyo chumvi ilimwagika na maji yakaifuata. Aliongeza kwamba ipo homoni nyingine, itokayo chini ya ubongo, ambayo siku ya jua kali huyaamuru mafigo yazuie maji, na kwamba pombe huinyamazisha, ndiyo maana wanaume wa kijiji hiki wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, hawaachi kwenda nyuma ya migomba, na siku hiyo baadhi yetu tulitazama chini.

Kwa vidonge vya homoni na chumvi aliishi, akafundisha, akajaliwa watoto wawili, Clavery Mujuni mwaka 1965 na Joviana mwaka 1968, na kila asubuhi Ma Klaudia alimletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, na pembeni yake chumvi. Mwaka 1975, kijiji chetu kilipokwisha kuandikishwa na chumvi ikawa adimu, mkutano uliamua kwamba ikifika katika duka la ujamaa fungu la Mwalimu litengwe kwanza, kabla ya la mwenyekiti, na hakuna mkono uliopinga, nasi kama familia tunajivunia kijiji hiki kuliko tunavyoweza kusema.

Tarehe 14 Juni 1977, akitoka Kemondo kusimamia mitihani, alishikwa na malaria kali, akatapika kila kidonge alichomeza, tukamkimbiza hospitali, madaktari wakapigana kwa siku tatu, na Ijumaa tarehe 17, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama mkwe wake.

Familia inamshukuru Daktari Mutembei na wauguzi, walimu wenzake, majirani wa Ijuganyondo na Rwamishenye, na Ma Kokuhirwa wa Izigo, ambaye ameketi leo bega kwa bega na Ma Klaudia. Fungu la mwisho la Mwalimu lilikuwa bado dukani, na Ma Klaudia ameamuru litumike kupikia chakula cha waombolezaji, basi mtakachokula leo kimetiwa chumvi yake, na mama anasema safari hii yeyote atakayeona hakijakolea asinyamaze.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, kimekolea.