Marehemu Cresensia Martini na Mgao wa Endulen

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, na ninyi mlioacha mashamba na mifugo kuja Mbulumbulu leo, ukoo umenituma mimi, Hhando Martini, niwasomee maisha ya mdogo wangu.

Marehemu Cresensia alizaliwa Mbulu tarehe 4 Juni 1934, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akahamia hapa na wazazi wetu mwaka 1949, na tarehe 17 Oktoba 1953 akafunga ndoa na Sylvesta wa Qurus, wakajaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Antonia. Mumewe alipomtangulia mwaka 1976, alipata kazi ya upishi katika hospitali ya misheni Endulen, na huko akajifunza Kimaasai hadi akawa anataniwa kwacho.

Mwaka 1984, mvua zilipokosekana na ng'ombe wakafa hadi maziwa yakaisha mabomani, wafadhili wa nje walileta mahindi, maharage na mafuta kupitia makundi matatu, kila kundi likigawa kivyake, boma moja likipata mara mbili na la jirani likikosa, ndipo ikaundwa kamati moja ya Karatu na Ngorongoro, na marehemu akapewa kuandikisha kaya za Endulen. Kwa mazoea yetu ya huku, aliandika kila mwanamume kuwa kaya moja, akampa Mzee Moringe, Mmaasai wa huko Endulen, mgao mmoja, ilhali ana wake wanne, kila mmoja na nyumba yake na watoto wake. Nasha, mke mdogo, alimjia na mtoto mgongoni, akamwuliza mbele ya watu, "Mama Antonia, kwako Qurus huwa unangoja jirani ashibe ndipo uonje?" Watu walicheka, yeye akakiri kosa palepale, akaanza kuandika upya, kila mama kwa nyumba yake.

Idadi ilipopanda kupita maradufu, wafadhili walidhani wanadanganywa, malori yakasimamishwa Karatu, na watoto wa Endulen wakabaki na uji mwepesi kama maji. Marehemu hakubishana, bali alimwomba mwakilishi wao afuatane naye hadi kwa Moringe, nami nikiwepo, akamwinamisha kwenye milango mifupi ya nyumba zile, mmoja baada ya mwingine, akimwonyesha moto wa kila mama na chungu kitupu, na kwa Nasha yule mgeni alikaa chini, akaomba radhi, Nasha akamjibu, "Usichoke, bado hujaingia kwa mama mkwe, naye ana chungu chake." Malori yalipanda Endulen kesho yake, na makundi yote matatu yakagawa kwa utaratibu huo mmoja.

Aliugua moyo tangu Agosti 1988, akafariki tarehe 9 Februari 1989, akiacha watoto watano na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Qurus, wapishi wenzake, na wanakamati, pia watu wa nchi za mbali tusiowajua kwa majina, waliochangia watoto ambao hawakupata kuwaona. Watoto hao wamefika na mama zao, wamesimama pale uani, wamekua.

Cresensia, dada yetu, pumzika kwa amani.