Redio ya Kona

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, na hatua tatu mbele yake limeegeshwa gari la marehemu Kona. Teksi ya zamani, ya rangi iliyokuwa buluu, mlango mmoja wa rangi nyingine. Kona alishika usukani wake miaka thelathini na mmoja. Tulimzika miezi minane iliyopita, na mimi mshona nguo sijazoea bado, wala sitaki kuzoea. Jana mjane wake, shemeji yetu, alipita hapa akasema bila kusimama: gari limekufa, kesho saa sita anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Amejuaje kuwa limekufa, hatukuuliza. Basi leo tumewahi benchini, tumemwita fundi wa umeme wa magari, na wakati tunamsubiri tunalitibu wenyewe kwa mdomo. Kati yetu hakuna anayejua kuendesha hata toroli.

Birika, muuza kahawa wetu, ndiye alianza.

Birika: Mkanda umelegea. Mkanda ukilegea, olteneta haizunguki sawasawa, betri inalala njaa.

Mimi: Umeushika?

Birika: Nimeutazama. Inatosha.

Profesa ni fundi saa. Hiyo elimu nyingine tulimpa sisi.

Profesa: Si mkanda. Umeme unamwagika. Maji yakimwagika hayazoleki, na umeme ni hivyohivyo. Unapita kwenye matairi, ardhi inaunywa.

Birika: Matairi ni mpira, bwana. Mpira haupitishi umeme.

Profesa: Matairi hayo yamekwisha. Mpira uko wapi hapo?

Kinyozi tunamwita Waziri kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila kuhutubia. Alisimama.

Waziri: Ndugu zangu! Kila Jumapili betri hii naichaji mwenyewe saluni kwangu. Naitoa imejaa pomoni. Alhamisi, imekufa! Kwa nini? Gari limefiwa. Mfiwa hali chakula. Olteneta inaleta, betri inasema sitaki. Mkono mtupu haulambwi!

Mimi: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Waziri: Kwa mlango wa nyuma, kama nilivyoingia mimi siku ile.

Tukacheka, maana siku ile tunaijua sote. Mke wa Waziri alishikwa na uchungu, na gia zote za mbele zikagoma, ikabaki rivasi peke yake. Kona aligeuza shingo, akaenda kinyumenyume hadi zahanati, huku Waziri akipiga kelele dirishani watu wapishe. Mtoto yule sasa ana ndevu, na mpaka leo tunamwita Rivasi.

Birika: Na jioni je? Kona akirudi kutoka kazini, alikuwa anafungua milango yote minne, anatuwekea taarifa ya habari.

Profesa: Anatugawia dunia nzima kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Hilo hatukuliacha life. Birika ana ufunguo wa akiba. Saa moja ikifika anauzungusha nusu, redio inaongea, nasi tunasikiliza habari, michezo, na salamu za wasikilizaji wa kila mji. Tunaacha nafasi moja benchini. Nasema wazi, ni saa ninayoipenda kuliko zote.

Fundi alifika na betri yake kwenye mkokoteni. Binti mwembamba, mita ya kupimia umeme ikining'inia shingoni.

Fundi: Shikamooni.

Sisi: Marahaba, mwanangu.

Tulimpa nadharia zote tatu. Alisikiliza kwa adabu, akaunganisha nyaya za betri yake, akazungusha ufunguo. Kabla injini haijashika, redio ilipiga ukelele uliomfanya Profesa amwage kahawa. Waziri aliruka kuipunguza sauti. Kisha gari likaunguruma. Jamani, mlio ule! Birika alivua kofia.

Fundi: Volti kumi na nne na pointi moja. Olteneta nzima. Mkanda mzima.

Alilizima, akapima tena.

Fundi: Hakuna kinachovuja. Sasa, wazee wangu, olteneta huichaji betri pale tu injini inapozunguka. Toka Jumapili mpaka Alhamisi, gari hili huwashwa mara ngapi?

Profesa alijifuta kahawa iliyommwagikia.

Fundi: Na redio?

Kila mtu alichungulia kikombe chake.

Shemeji alikuwa ameusikia mlio. Alitoka nyumbani mbio na kiatu kimoja.

Shemeji: Limewaka? Nani amelipatanisha nami?

Hatukumwelewa.

Shemeji: Marehemu alinifundisha kuendesha. Miaka miwili, uwanja wa shule, Jumapili. Leseni ninayo. Alisema nisiwaambie mpaka niweze kurudi nyuma bila kugonga pipa, maana mngenicheka. Tangu afe, kila Ijumaa alfajiri kabla hamjaja naingia humo natia ufunguo. Linasema tk, basi. Nikajua limenikataa. Lisilonitaka nilitunze la nini?

Waziri, mwenye hotuba ya kila jambo, alitazama viatu vyake. Ikabidi niseme mimi.

Mimi: Shemeji, halikukukataa. Ni sisi. Kila jioni tunamaliza betri kwa redio.

Shemeji: Ile redio ninayoisikia jikoni?

Mimi: Ndiyo hiyo.

Shemeji: Nilidhani ni ya saluni.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nilipokata suti ya bwana harusi mguu mmoja mfupi. Shemeji hakugomba. Alirudi kuchukua kiatu cha pili, akaingia kwenye gari, akakaa ukingoni mwa kiti. Kona alikuwa na miguu mirefu.

Fundi: Mama, vuta kiti mbele.

Aliingiza mkono chini ya kiti, akausitisha. Kiti kile hakikuwa kimesogezwa tangu siku ya mwisho ya mwenyewe. Alfajiri zote hizo alikuwa akikaa ukingoni. Alitutazama mmoja mmoja. Birika akatikisa kichwa kukubali, macho yamemjaa maji. Kiti kikasogea, kikalia mara mbili.

Fundi alimwashia kwa betri yake, akamwambia aendeshe muda mrefu bila kuizima injini. Gari likarudi nyuma taratibu, likalipita pipa la taka bila kuligusa, likakata kona likapotea.

Saa sita mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na winchi yake ya kuvutia magari. Alikuta doa la mafuta chini, birika la kahawa tupu, na wazee wanne benchini.

Mnunuzi: Gari liko wapi?

Tulitazamana. Shemeji hakuwa amesema anakwenda wapi, na sisi, wajuzi wa kila kitu, hatukuwa tumemuuliza.