Mzee Rutayisire, Aliyekataa Kukata Salamu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Rutayisire, dereva wa lori la saruji wa Muganza. Alifariki wiki iliyopita, akazikwa kwao Nyakarenzo. Ndiyo, Rutayisire yule yule wa salamu ndefu.

Alikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, akarudi nyumbani akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake cha kule akarudi nacho kizima. Lori likiwa limejaa, yeye alisimama barabarani amsalimu mama mwenye ndizi, amuulize habari za watoto, amuulize habari za mvua. Wenzake kiwandani walimtania kwamba saruji yake hufika imeshaganda. Yeye alijibu: "Salamu haiko ya kukata."

Binti yake, Nishimwe, anasoma chuo kikuu kule Huye. Mwaka jana Mzee aliomba aingizwe kwenye jukwaa la wanafunzi mtandaoni, ajue watoto wanaishije huko. Siku ya kwanza tu akaandika: "Batoto bangu bote, mumeamkaje? Bazazi benu beko je? Kwenu mvua ilinyesha?"

Jukwaa zima likajaa "mdr". Nishimwe aliona haya, akamwandikia baba yake pembeni.

"Papa, huku tunafupishaka. Slt ni salamu. Cv ni kuuliza kama muntu iko muzima, na kujibu pia. Mdr ni kufa na kicheko."

"Na mwenye kufa kweli," Mzee akauliza, "banaandikaka nini?"

Nishimwe akarudi kwenye masomo yake. Mzee akaondoka jukwaani kimyakimya. Lakini kila asubuhi aliendelea kumwandikia binti yake, salamu yote, bila kupunguza hata neno. Binti alijibu kwa herufi mbili: cv. Alikuwa na masomo, alikuwa na haraka, na baba alikuwepo siku zote.

Wiki iliyopita, asubuhi moja, ikaingia hii: "Slt. Cv?" Basi. Nishimwe akafurahi mno. Akaipeleka jukwaani: "Papa yangu amefuzu!" Wenzake wakacheka naye. Akamjibu baba yake, "Cv, mdr," akazima simu, akaingia kwenye mtihani.

Alipotoka, Mzee Rutayisire hakuwepo tena.

Mjane wake, Maman Védastine, anasimulia: "Asubuhi ile ugonjwa ulimushika, mikono ilikuwa inamutetemeka. Alikataa nipigie mutoto simu, juu iko mu examens. Akasema, niandike kidogo tu, Nishimwe atajua."

Nishimwe hakujua. Tumezungumza naye. "Papa hajakata salamu hata siku moja," alisema. "Siku alikata, mi nikacheka."

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Kwa huyu yamekuja akiwa binti mdogo kabisa, na inaniuma kusema hivyo.

Jioni ile alitangaza msiba jukwaani. Majibu yakamiminika kutoka kwa wale wale waliocheka asubuhi: rip, rip, rip. Herufi tatu, kila mmoja. Hapo ndipo Nishimwe alipopata jibu la swali la baba yake.

Maman Védastine, Nishimwe, na jamaa wote wa Nyakarenzo, poleni sana. Mungu awashike mkono katika siku hizi ngumu. Mzee Rutayisire wa Muganza, pumzika, safari zimekwisha.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hasa vijana wetu mlio masomoni: kama kuna mzazi anayekuandikia kwa urefu, mjibu kwa urefu. Na siku akifupisha, usicheke. Mpigie.