Kumuaga Sista Lydia wa Wodi ya Walioungua

Mheshimiwa Bwana Shauri uliyetoka bomani, Bwana Daktari wa hospitali yetu, Mchungaji Elieza, wazee wetu wa Kikwe na Themi, shikamooni. Akina mama, wauguzi, wagonjwa wenzangu mliotolewa nje pamoja na vitanda vyenu, na wewe Sista Lydia, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika, nawasalimu kwa heshima.

Naitwa Aikaeli, ni mwanafunzi wa shule ya kati. Nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wagonjwa kwa sababu najua Kiingereza, si kwa sababu najua kusimama mbele za watu. Mwalimu wangu aliniandikia hotuba nzuri ya Kiingereza. Uniwie radhi, Bwana Daktari, sitaisoma. Bibi yangu ameketi pale, hajui lugha hiyo, na leo nataka asikie kila neno.

Wengi mnalikumbuka lori la kahawa lililopinduka mwaka jana karibu na daraja la Themi, petroli ikashika moto. Mimi nilikuwa juu ya magunia. Waliotuokoa walitupaka mafuta ya kondoo, kama tufanyavyo nyumbani mtu akiungua, na kwa mapenzi hayo mkono wangu wa kulia ukafika hapa umejaa uchafu. Ni nani aliyeuosha? Sista Lydia aliuosha siku hadi siku kwa maji ya chumvi, wala hakumkaripia mtu. Kwanza alijimwagia maji yale mkononi mwake, apime joto. Kisha alikuwa akisema, "Haya, hesabu kwa Kiingereza. Ukifika ishirini naacha." Na kweli aliacha. Siku moja niliruka kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa, akasema, "Rudi nyuma, mwanangu. Ni shule gani hiyo inayofundisha hivyo?"

Baadaye Bwana Daktari alitoa ngozi pajani mwangu akaipandikiza mkononi, na Sista akavifunga vidole vyangu kwenye kibao, visitikisike kwa siku kumi. Saruni, utingo wa lori lile, tulipokuwa tukiota jua barazani, alinitania: "Naona paja lako limepanda cheo. Juzi lilikalia benchi, kesho litaandika Kiingereza." Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu moto.

Siku ya nne, saa ya wageni, Bibi aliingia. Alikuwa ametoka Kikwe kwa miguu, na kibuyu cha maziwa mgando. Niwaulize, wazee wangu: ni mjukuu gani wa Kimeru apokeaye kibuyu cha bibi yake kwa mkono wa kushoto peke yake? Nilijigeuza ukutani, nikafungua bandeji, nikavua kibao, nikapokea kwa mikono miwili. Alipoondoka nilifunga tena, kadiri nilivyoweza.

Kesho yake Bwana Daktari alikuta ngozi imesogea, imekunjika. Akauliza ni nani aliyefunga ovyo namna hii. Sista aliliangalia lile fundo, akajua si lake. Akanitazama, akangoja. Mimi nikatazama shuka.

"Nilifunga mimi, Daktari," akasema.

Tangu siku ile aliondolewa wodini, akawekwa kwenye kufua na kuchemsha bandeji. Leo anahamishiwa zahanati ya Momela, na watu wanasema ni kwa uzembe wake. Miezi mitano nimesikia viatu vyake vikipita nje, na kila asubuhi nimetamani viingie ndani. Muuguzi aliyeshika nafasi yake hunitunza vizuri, sina lawama, ila yeye huosha kimya kimya, nami huhesabu peke yangu moyoni.

Sista, mara mbili nilikufuata kule kwenye masufuria. Ulinipa bandeji nizikunje, ukazungumza habari za mvua. Laiti ungeniuliza. Nilikuwa nimekuja na maneno yote, nikarudi nayo.

Kwa nini nilinyamaza? Niliogopa Bibi asije akasikia kwamba maziwa yake ndiyo yaliyovipinda vidole hivi viwili. Bibi, wewe hukukosea. Uliniletea chakula, nami nilikipokea. Kosa lilikuwa kunyamaza, na hilo ni langu mimi.

Bwana Daktari, gari la Momela linangoja. Sijui kama ni adabu msichana kumwomba mtu kama wewe jambo mbele za watu. Naomba, kabla hajapanda, useme hapa hapa kwamba Sista Lydia hakufunga ovyo. Kama ni kwenda, aende na neno hilo. Mimi nisingependa aende kabisa, lakini hilo sina haki ya kuliomba.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Nitaendelea kusimama, Bwana Daktari, mpaka utakapojibu.