Mama Mawingu Hajawahi Kukosea

Benchi letu liko barazani kwangu, kati ya cherehani yangu na kiti cha kinyozi, na anayetaka kulikalia sharti akubali mambo mawili: kikombe ukimaliza unakirudisha mwenyewe kwa muuza kahawa, na redio yangu haiguswi wakati wa hali ya hewa. Habari za wakubwa punguza sauti upendavyo. Kandanda zima kabisa, ugomvi utakuwa wako na wengine. Lakini akianza kusoma yule mtangazaji wetu, tuliyempachika jina la Mama Mawingu, hata mkasi nauweka chini. Mchana huo alikuwa ametoka kuturudia mwelekeo wa wiki nzima ya kiangazi, uleule aliousoma alfajiri: ukanda wa juu, jua kali na anga wazi hadi Jumapili, ukanda wa chini, joto la kuchosha na mvua za ngurumo, za ghafla, nyakati za mchana, kuanzia leo. Akatutakia wiki njema, na benchi zima likaitikia "na wewe pia, mama," utadhani anatusikia.

— Mmemsikia anavyosema "vipindi vifupi"? alianza Waziri. Huyu ndiye kinyozi wetu, na cheo tulimpa sisi, maana hata akinyoa mtoto mchanga huongea kama anayefungua mkutano. — Mwingine akikwambia mvua inakuja unaona kama anakugombeza. Huyu akisema, unatamani inyeshe.

— Kazi anaijua, alisema Gia Tatu, dereva wa lori mstaafu. — Mimi nimeendesha kwenye mvua, nimeendesha kwenye jua. Sijaona mtu anayeijua mbingu namna ile. Anaijua kama mimi nilivyoijua barabara.

— Wewe barabara uliijua kwa gia tatu tu, alidakia Mama Birika, mwenye kahawa, akimmiminia.

— Mwenda pole hajikwai.

— Hajikwai, ila nyanya zako zilikuwa zikifika sokoni zimeshakuwa mchuzi.

Tulicheka, na mwenyewe akacheka kuliko sote. Ndipo akatokea Mabati, fundi wetu wa paa, mikono ya shati kakunja, vumbi la kutu limemjaa mpaka kwenye nyusi, na uso unameremeta kama wa bwana harusi.

— Nimeezua! alisema kabla hata ya salamu.

— Umeezua nini?

— Nyumba ya mama mkwe. Paa lote liko chini. Sasa hivi ukisimama sebuleni kwake unaiona mbingu yote.

Hapo kila mtu alikaa vizuri, maana habari za Mabati na mama mkwe wake tulizijua. Miaka yote ya ndoa ya Mabati, yule mama alikuwa akivujiwa na kuita fundi mwingine. Mkwe yupo, fundi, tena hodari, nyumba ya tatu kutoka kwake, na yeye anapeleka mtu ng'ambo ya mji kuleta mgeni wa kumzibia tundu. Mabati hakuwahi kulalamika, lakini kila akiliona lile paa lenye viraka vya watu wengine alikuwa anapoteza hamu ya kula. Wiki iliyopita ndiyo mara ya kwanza mama kumwita na kumwambia, "Basi fanya wewe."

— Hongera, nilimwambia. — Sasa mbona uko hapa? Kaezeke.

— Ngoja nikueleze. Mbao za juu mchwa wamezitafuna. Mtu mwingine angepigilia bati jipya juu ya ubao mbovu, akaenda zake. Mimi nimezitoa mbovu, nimetia mpya, zote nimezipaka dawa ya mchwa. Dawa ile inataka jua. Lipige leo, lipige kesho, iingie mpaka kwenye kiini. Keshokutwa ndio naezeka. Bati zipo uani nimezipanga.

— Na vitu vya mama?

— Vimo humohumo ndani. Kitanda, magodoro, unga, makochi aliyoachiwa na marehemu. Vya nini kuvihangaisha? Si mmesikia wenyewe? Jua wiki nzima!

— Wiki nzima! liliitikia benchi.

Mimi mwenyewe habari za mvua nilizisikia vizuri tu, ila nilizihesabu kuwa ni za watu wengine. Hivyo ndivyo tulivyozoea. Anasoma yote, nawe unachukua la kwako.

— Hapo umefanya kazi ya mtu mzima, alisema Waziri. — Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umetoa paa zima, kwa hiyo ukuta hutajenga.

— Haswa, alisema Mabati, ingawa sidhani kama alielewa, maana hata mimi sikuelewa.

— Na umemwamini mtu anayeaminika, Mama Birika alisema. — Mimi huyu mama kaniokoa. Jumanne iliyopita alisema mvua. Nikabeba turubai, watu wananicheka njiani. Ikashuka ile ya kumwaga! Makaa yangu hata tone.

— Jumanne iliyopita alisema jua, alisema Waziri. — Nikaanika taulo zangu zote.

— Zikakauka?

— Zilikauka.

— Siku hiyohiyo?

— Zililoa kwanza, halafu zikakauka. Jua lilikuwepo, alichosema kilitimia.

— Mnaona? Gia Tatu alipiga paja. — Siku moja, watu wawili, na wote kawapatia! Hebu niambieni ni mtangazaji gani mwingine anaweza hilo.

Mama Birika akaongeza kahawa.

— Mimi nadhani ana dirisha, alisema Waziri. — Pale kituoni wamempa chumba chenye dirisha linalotazama kule mawingu yanakotokea. Anafungua pazia, anayahesabu, anafunga, anakuja kutusomea.

— Dirisha! Mama Birika alibetua mdomo. — Ni magoti. Bibi yangu alikuwa hivyohivyo. Goti la kulia likimuuma ni mvua, la kushoto ni upepo. Huyu naye lazima ana magoti ya namna hiyo, ila yeye amesomea.

— Goti litajuaje hali ya ukanda mzima? Gia Tatu aliweka kikombe chini, na nikajua sasa tumekwisha. — Sikilizeni. Nyinyi mnadhani yeye anayafuata mawingu. Mimi nimelala barabarani, nimeona mambo. Siku moja napanda mlima, gia ya pili...

— Gia ya nne ingetoka wapi!

— ...gia ya pili, nikaona wingu limesimama kando ya barabara. Limetulia tuli, haliendi mbele wala nyuma. Nikafungua redio. Mama Mawingu akasoma, mvua upande wa mashariki. Wallahi, lile wingu likaondoka kuelekea mashariki.

— Acha wewe!

— Sasa fikirini. Wingu halina macho wala ramani. Bila kuambiwa litajuaje liende wapi? Mawingu yanasikiliza redio, jamani. Yanamsikiliza yeye.

Nilitaka kucheka, lakini niliwatazama wenzangu nikaona Waziri anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepata jibu la swali la siku nyingi.

— Ndiyo maana kituo kile hakizimiki hata umeme ukikatika, alisema. — Wakizima, mvua itapotea njia.

— Kumbe dalili ya mvua si mawingu, alisema Mabati. — Dalili ya mvua ni yeye.

— Na wingu lisilosikia la mkuu huvunjika guu, alimalizia Gia Tatu, akanyoosha kikombe chake.

Sikuwapinga. Waseme wanachotaka, mimi yule mama nampenda kwa sababu zangu. Nakaa kwenye cherehani kutwa, nashona mashati ya watu wasionisalimia, na katika redio nzima ni yeye peke yake anayeongea kama anayejali kama nguo zangu zitakauka. Hajawahi kupiga kelele wala kujisifu. Hata joto linapokuwa la kuua, hutukumbusha tuwape maji wazee na watoto. Mtu wa namna hiyo hata mawingu yakimsikiliza, yana haki.

Mabati alikuwa ndiyo kwanza amepewa kikombe chake nilipomwona akisimama ghafla, mkono mmoja akaufutia kwenye suruali. Mama mkwe wake alikuwa anakuja. Alikuja polepole kwa ajili ya miguu yake, mtandio kichwani, amejikinga jua kwa kiganja. Benchini kwetu hajawahi kufika hata siku moja.

— Shikamoo mama! tulisema wote, na Gia Tatu akasogea mpaka nusu yake ikawa hewani.

— Marahaba, wanangu. Msihangaike, sikai. Nina neno moja na mkwe wangu.

— Karibu mama, alisema Mabati. — Kuna tatizo nyumbani?

— Nyumbani hakuna tatizo. Nimelala kitandani kwangu mchana huu, nimewatazama ndege wanapita. Tangu niolewe sijawahi kuona hivyo. Mbao umeziweka vizuri, nimezitazama moja moja. Mume wangu angeziona angefurahi.

Mabati akainamisha kichwa. Fundi huyu nimemwona ananing'inia ghorofani bila kamba na kupiga mluzi, lakini kwa maneno hayo mawili alisahau kuwa ana kikombe mkononi, kahawa ikamwagikia viatu.

— Ila nina swali, mama aliendelea. — Nami pia namsikiliza yule dada wa redio. Nampenda sana, ana adabu. Leo kasema ukanda wa juu ni jua, ukanda wa chini ni mvua. Ndivyo, sivyo?

— Ndivyo, mama, alisema Waziri. — Neno kwa neno.

— Sasa mwanangu, sisi hapa tuko ukanda gani?

Kusema kweli nilidhani ni swali jepesi. Nilifungua mdomo kulijibu. Nikamgeukia Waziri. Waziri alimgeukia Gia Tatu.

— Juu, alisema Gia Tatu. — Mtu akitoka bandarini anapanda. Mimi nilipanda miaka yote.

— Chini, alisema Mama Birika. — Maji ya mvua kutoka mlimani yanaishia wapi? Si mtaani kwetu?

— Kuna suala la mipaka hapa, alianza Waziri, linalohitaji...

— Mimi taulo zako nimezielewa leo, nilimkatiza.

Miaka yote tumeketi pale tukimsifu yule mama kwamba hakosei. Na kweli hakosei. Sisi ndio hatukuwahi kujiuliza anamwambia nani. Kila mmoja alijichukulia ukanda ulioendana na shughuli yake ya siku hiyo, na ukimharibikia anasema yalikuwa matone tu. Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa ya buluu, nzuri, haina hata alama, na joto lilikuwa limetulia bila upepo. Upande wa jua ningeapa. Upande wa mvua pia ningeapa, maana hata Jumanne ile ilianza hivihivi.

Mama hakuwa na haraka. Alimsubiri mkwe wake.

Mabati alitutazama mmoja mmoja. Niliona anatuomba. Alitaka mmoja wetu atamke "juu" kwa sauti ya uhakika, ili ile dawa yake ipate jua, na makochi ya marehemu yabaki salama, na yeye abaki fundi aliyeitwa na mama mkwe. Kwa mzaha wetu wote, hakuna aliyethubutu kuliezua paa la yule mama mara ya pili kwa mdomo.

— Sijui, mama, alisema Mabati.

Neno hilo halijawahi kusemwa kwenye benchi lile. Tumesema dirisha, tumesema magoti, tumesema mawingu yana masikio, lakini hilo hapana. Mabati alilisema waziwazi, jasho likimtoka, akimtazama machoni mkwewe, yule ambaye Mabati alimngoja miaka yote amwamini.

— Niliacha vitu vyako wazi kwa jambo nisilolijua, mama. Nisamehe.

Mama alimsogelea. Kisha akatoa ncha ya mtandio, akamfuta kutu kwenye nyusi.

— Wale mafundi wengine, alisema, — kila nilipowauliza kama paa litavuja, walijua. Wote walijua. Nenda kapigilie bati zako, mwanangu. Dawa itakauka ndani.

Mabati hakungoja aambiwe tena. Alitoka mbio, viatu vimelowa kahawa. Gia Tatu akamfuata, na nawaambieni siku hiyo mzee yule gia ya nne aliipata. Waziri alifunga duka bila hotuba. Mimi nikachukua mkasi, nikaurudisha, nikachukua nyundo ya kurekebishia meza, nikakimbia nao.

Kwenye kona nikageuka kuangalia kama redio yangu iko salama. Mama mkwe alikuwa ameketi katikati ya benchi letu, peke yake, amenyoosha miguu yake mibovu. Mama Birika alikuwa anammiminia kikombe.

— Iongeze sauti kidogo, nilimsikia akimwambia. — Akirudi kusoma nataka kumsikia vizuri.