Bi Gramu, Fundi wa Magari Mepesi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Gramu, alizaliwa Jumamosi tarehe 17 Agosti 1957, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mizigo la reli, na mama yake alikuwa mshonaji. Shule zikifungwa, baba alimchukua ghalani na kumkalisha juu ya magunia. Alipofikisha miaka minane alikuwa akiinua kifurushi kwa mkono mmoja na kutaja kilo zake. Alikosea mara chache, na siku aliyokosea alinuna mpaka wakati wa kulala.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi 1975. Januari 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, idara ya vyuma, akiwa msichana pekee kati ya wanafunzi thelathini na wawili. Ovaroli ya chuo ilimmeza mzima. Mama akaifumua na kuishona upya ikamkaa. Alihitimu Novemba 1978, akawa wa pili. Nyumbani walipomuuliza nani amekuwa wa kwanza, alijibu, "Kuna mmoja pale, kuchomelea aluminiamu hajui."

Alifanya kazi miaka sita katika kiwanda cha mabodi ya mabasi. Tarehe 4 Machi 1985 alifungua gereji yake mwenyewe katika vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na huko akajikita katika kazi ambayo wakati ule watu waliiona ni wazimu: kuyapunguza uzito magari ya mashindano, ili kwa injini ileile yakimbie zaidi, yashike breki mapema na yakate kona bila kuyumba. Alianza na visivyohitajika. Aling'oa viti vya nyuma, mazulia, na ile lami ngumu ya kuzuia kelele iliyogandishwa sakafuni, aliyoibandua kwa patasi siku tatu mfululizo akiwa amepiga magoti. Baada ya hapo ndipo alipotafuta vya kubadilisha: boneti ya faiba badala ya bati, vioo vya pembeni vya plastiki ngumu, betri ndogo, ekzosi ya chuma chembamba. Kila kitu kilipita kwenye mizani ya jikoni aliyoinyakua kwa mama, na kila kilichotoka alikitaja kwa gramu. Jina likamganda.

Gari lake la kwanza lilikuwa la mdogo wake wa mwisho, dereva wa mashindano, ndiye anayewasomea maneno haya. Lilipoingia gerejini lilikuwa na kilo elfu moja mia moja na ishirini. Lilipotoka lilikuwa na mia tisa sitini na nane. Msimu ule alishinda mara tatu.

Mumewe alimpata kazini pia. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na alileta gari lake akilalamika kwamba halipandi mlima wa kwenda shuleni. Dada akafungua boneti, akasikiliza injini, akafunga. Akafungua buti. Mlikuwa na madaftari ya wanafunzi ya miaka minne, kamusi mbili na tufe la dunia lenye kitako cha chuma.

"Mwalimu," akamwambia, "gari lako ni zima. Mgonjwa ni wewe."

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata bila ugonjwa wowote wa gari, na wiki ya baada ya hapo pia. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Kuna siku moja ambayo marehemu alituusia tusiiruke. Jumapili tarehe 23 Oktoba 1994, gari la mdogo wake lilipinduka mara nne kwenye mteremko wa changarawe. Wiki mbili kabla, dada alikuwa amelifungia rimu mpya za aloi kutoka kwa muuza spea aliyemwamini, nyepesi kwa kilo tatu na ushei kila moja kuliko zile za zamani. Alizifurahia mno, akampigia hata mumewe simu shuleni kumweleza. Rimu ya mbele kushoto ilikatika vipande viwili. Msomaji ramani, aliyeketi kando ya dereva, alitoka na michubuko. Dereva alivunjika nyonga na mguu, akalala hospitali miezi mitano.

Kamati ya mashindano iliketi mwezi uliofuata. Gari lilikuwa limesagika, na wajumbe walikuwa wameshakubaliana kwamba dereva aliingia kona kwa kasi. Dada hakuwa ameitwa. Alikwenda na vile vipande viwili vya rimu kwenye mfuko wa turubai, akavitua mezani.

"Hii ilikatika kabla ya kona," alisema. "Nilitembea ile njia yote, kipande kimoja nilikiokota mita arobaini nyuma. Niliinunua mimi, nikaifunga mimi. Niliipima uzito. Nguvu sikuipima. Msimwandikie kosa mtu aliyelala kitandani."

Mwenyekiti alimkumbusha kwamba maneno hayo yangeweza kumfungia gereji. Akajibu kwamba ameshaifunga mwenyewe, asubuhi ile.

Kwa miezi minne hakushika spana. Alikuwa akienda wodini kila siku, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya machungwa. Siku moja mwezi wa Machi akaweka kisu chini.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Dada, ungeniambia nisubiri uzijaribu kwanza, ningekusikia?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama kawaida yake. "Usingenisikia."

"Basi kosa tuligawane. Ila gereji fungua. Na safari hii, kabla hujafunga kitu kipya, kivunje."

Alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alitengeneza mashine ya kubana kwa jeki ya lori na vyuma vya reli, na tangu hapo kila alipoagiza spea nyepesi, alinunua moja ya ziada, akaikandamiza mpaka ikatike, aone imestahimili kiasi gani. Iliyokatika mapema, nyingine zote za aina yake zilirudi dukani. Wateja walilia. Mmoja alimwambia, "Mama, umevunja kitu kipya kabisa."

"Nimekivunja hapa," akasema. "Ulitaka kivunjike wapi?"

Kwa miaka ishirini na sita iliyofuata, hakuna kitu alichokifunga kilichokatika barabarani. Madereva walimtania kwamba mkono wake ni mzito kuliko magari yake. Vyuma vya kinga vinavyomzunguka dereva hakukubali kuvipunguza hata gramu moja, na waliomshikilia sana aliwaonyesha mlango.

Mwezi wa Septemba 2021 alianza kulalamika tumbo, na Novemba madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Alitaka aelezwe bila kuzungushwa, akaelezwa. Muuguzi alipompima kliniki na kusema amepungua kilo tisa, alitazama mizani, akasema, "Kazi safi, lakini si yangu." Alimkabidhi binti yake funguo za gereji Januari, akabaki kuuliza habari za kazi kwa simu. Alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 9 Juni 2022, saa mbili na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti ambaye ni fundi, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watatu, wadogo zake watatu na wapwa saba. Ameacha pia hao mnaowaona wamesimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, madereva wa rika zote, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa baada ya mashindano yao. Mwalimu mumewe aliwahesabu asubuhi hii, pamoja na anayewasomea. Ni hamsini na watatu, na wote wamekuja kwa miguu yao wenyewe, mmoja tu akiegemea fimbo, naye hajawahi kumdai dada yake mguu huo.

Mungu ampokee. Pumzika, Dada, umechoka kihalali.